Asili Haijulikani

Kitabu cha majina, nilichoazima maktaba ya Toledo,
kinasema Ketura ni moshi wa ubani,
Vashti ni malkia aliyeitwa karamuni akakataa,
Mahala ni upole, au ugonjwa, wataalamu hawajaafikiana.
Kwako wewe, bibi, maneno mawili tu:
asili haijulikani.

Hawakumuuliza shangazi Verlene.
Babako alikuwa akipakia pamba stesheni, kule Misisipi,
mkewe na uchungu tangu alfajiri,
likapita behewa lenye rangi iliyobambuka.
Maumbo sita yaliyosalia akayakariri
njia nzima, yeye asiyejua kusoma,
akamchorea mkunga kwa kijiti, mavumbini.
Ozella.
Mwanzo wa neno na mwisho wake
vilikwisha kwenda zake kaskazini.

Miaka themanini umeitikia kipande cha tangazo,
la sabuni pengine,
au la mji ambao hatukuwahi kuuona.

Leo muuguzi amesimama na fomu,
theluji dirishani, binti yangu anapiga chafya
ya kwanza duniani.
"Linaandikwaje?"
Namtajia herufi mojamoja, macho nimeyafumba,
kama mtu anayesoma behewa
lisilosimama.