Saa Inayochelewa

Kanisa letu waliliuza mwezi wa Februari.
Pale palipokuwa na mimbari
sasa vijana wanaparamia ukuta wa plastiki,
kamba viunoni, chaki viganjani,
na wakianguka wanacheka.
Sina kinyongo. Kuta zile zilishazoea
watu wanaotazama juu.

Sisi tuliobaki, watano,
tulihamia kwenye simu.
Kila Alhamisi, saa moja na nusu usiku,
naegesha lori la maziwa kileleni,
mahali pekee ambapo mtandao haukatiki,
lita elfu kumi na nane zikipoa mgongoni pangu,
mvua ya Welisi ikitafuna kioo,
nami nabonyeza namba, nangoja.
“Nani huyo?”
“Ni mimi, Tudur.”
“Karibu. Umechelewa. Tunabishana.”

Tunabishana. Ndiyo ibada yetu.
Eluned, aliyefundisha hesabu miaka arobaini,
anataka kila neno lilipe deni lake.
Gwilym wa machimboni, mapafu yamejaa vumbi la mawe,
anauliza kama mbwa wake atafufuka,
na tusipomjibu anakohoa mpaka tumjibu.
Morfudd yuko zamu hospitalini;
anajifungia chumba cha mashuka, ananong’ona:
leo amefariki mtu aliyekataa kumsamehe nduguye.
Je, msamaha waweza kutolewa kwa niaba,
kama unavyomchukulia jirani barua posta?

Hapo hunyamaza wote.
Na kimya cha simu si kimya cha kanisani:
hujui kama wenzako wanaomba
au laini imekatika.
Mara ya kwanza niliita, “Halo? Halo?”
Siku hizi nangoja.

Mimi siamini sana. Niliwaambia mapema,
kama mgeni anayetangaza kuwa hali nyama
kabla sahani haijafika.
Eluned akasema, “Sawa. Sasa nyamaza,
umpishe Gwilym azungumze.”
Sijawahi kukaribishwa vizuri zaidi.

Wa tano ni Rhodri. Hasemi.
Miezi tisa hatujasikia sauti yake,
ila nyuma ya pumzi zake ipo saa ya ukutani
inayogonga mara nane
dakika saba baada ya saa mbili.
Tulimjua kwa hiyo. Tukazoea
kuacha sentensi njiani ili igonge,
kama unavyompisha mtu mlangoni.

Alhamisi iliyopita haikugonga.
Pumzi tulizisikia. Saa, hapana.
Saa mbili na dakika saba. Nane. Kumi.
Eluned akamwita kwa jina, kisha tena,
kwa sauti ya kumwita mtoto ubaoni.
Pumzi.
“Tudur,” akasema, “lori lako lina magurudumu mangapi?”
“Kumi na mawili.”
“Basi unangoja nini?”

Tanki la maziwa halikuumbwa kwa vijia vya bondeni.
Nilivunja ua wa miiba na kioo cha pembeni,
simu wazi kwenye dashibodi, wote watatu wakiniongoza:
kushoto penye daraja, hapana, kushoto kwako!
Mlango haukuwa umefungwa.
Alikuwa kitini, mkono wa kulia umefungwa plasta
toka vidoleni hadi kiwikoni,
ufunguo wa saa mapajani.
Saa ile hutiwa ufunguo kwa mikono miwili. Basi tu.
Alinitazama, akatazama ukutani,
kwa aibu ya mtu aliyevuliwa kofia.

Nilipanda kigoda. Nikakaza.
Nikaitegesha kwa simu yangu, dakika kwa dakika,
akanivuta suruali: hapana.
Akanionyesha vidole saba,
vitano vya kushoto, viwili vikichungulia plasta.

Tukakaa tukiingoja, mimi naye,
simu mezani kati ya sukari na dawa,
lori likinguruma nje, maziwa ya watu yakisubiri.
Ikagonga, mara tisa, kwa kuchelewa.
Upande wa pili hakuna aliyesema kitu,
nami sikuuliza kama laini imekatika.

Kisha Gwilym, akikohoa:
“Haya. Tulikuwa tumefika kwa mbwa.”