Chenji ya Nusu Sekunde

Waliniita Kayole, kioski namba kumi na saba,
Julai, ile baridi inayofanya mtungi ung'ate vidole.
Mita ya maji imemsingizia Mama Halake.
Imeandika: mitungi minane, saa saba usiku.
Na saa saba usiku bomba la mtaa hufungwa kwa amri;
anayechota ni mwizi, au ana ufunguo wa mwizi.

"Saa saba nilikuwa nimelala," akasema.
"Nilichota saa kumi na moja, adhana imeshatoka.
Muulize Mutheu, tulifuatana foleni."
Mutheu akaitikia kwa kidevu;
mdomo ulikuwa na mswaki.

Nikaketi juu ya kreti ya soda, tarakilishi mapajani,
nikaifungua mita kifua.
Kwanza nilishuku zile saa sita,
maana mashine huanza siku gizani, sisi huanza na jua.
Lakini hizo sita hazijawahi kutugombanisha.
Hazikui.
Hii ilikuwa inakua.

Betri ni moja, nayo imeagizwa iishi miaka kumi;
ndiyo maana mita hulala.
Hulala robo saa, huamka, husoma, hutuma, hulala tena,
mara tisini na sita kutwa kucha,
kama mama wa pacha.

Ndani mna saa mbili.
Moja ya akili, ambayo ikisinzia haijui kitu.
Nyingine ni kifuwele, chembamba kama punje ya mtama,
kisicholala,
kinachotetemeka mara elfu thelathini na mbili,
mia saba sitini na nane,
kwa kila sekunde, bila mtu wa kukisikia.
Akili ikiamka humuuliza mlinzi: nimelala kiasi gani?
Naye hujibu bila kuongeza wala kupunguza:
sekunde mia tisa, na nusu.

Hapo nikauona mkono wangu.
Mstari wa mia mbili na kumi na moja, niliuandika mwenyewe,
Ngara, ghorofa ya tatu, Ijumaa, nikiwahi nyumbani:
chukua sekunde nzima, vipande tupa.
Kama mwenye duka anayesema,
"Sina chenji, si nitakupa kesho?"
Nani atadai nusu sekunde?

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kibaba huvuja vivyo hivyo.
Sekunde arobaini na nane kwa siku.
Siku mia tatu tangu tuifunge mita ukutani.
Nikapiga hesabu kwa kalamu, nyuma ya risiti ya unga,
nisije nikahurumiwa na mashine:
saa nne kamili.

Nikaandika upya. Mistari mitatu tu.
Mabaki yasitupwe; yahifadhiwe pale pasipozimwa,
yangoje usingizi ujao, yajumlishwe.
Kisha nikaisukuma saa mbele.
Kumi na mbili alfajiri, halafu, papo hapo, nne asubuhi.
Sasa daftarini pana shimo:
saa nne ambazo hakuna aliyechota maji Kayole,
hakuna aliyekohoa foleni,
hakuna mtoto aliyetumwa na ndoo akarudi na nusu.

"Kwa hiyo niko safi?"
"Uko safi, Mama."
"Na ofisi itaandika hivyo?"
Nikasema nitaandika mimi.
Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa,
asijue kama rangi itashika.

Ana birika nyuma ya kioski, chai ya maziwa, shilingi ishirini.
Nikampa noti ya hamsini, nikamwambia aache tu.
Hakuacha.
Akafungua fundo la leso,
akanihesabia kiganjani, sarafu kwa sarafu,
kumi, ishirini,
ishirini na tano,
akasimama, akatafuta tena kwenye fundo,
na foleni yote ikangoja
mpaka ile tano ya mwisho ikapatikana.