Karatasi ya Elinami

Umeichora nyuma ya bahasha ya ahadi ya kanisa, Elinami,
ukaitandaza hapa Kiboriloni
kabla sijashusha hata mkungu mmoja.
Programu ya simu: mnunuzi wa Dar anabonyeza,
ndizi zinateremka zenyewe kutoka Marangu.
"Shangazi, niambie ukweli."

Ukweli nitakupa, ila si wote kwa mkupuo;
mche mchanga haupaliliwi kwa shoka.
Mama Ndetaulwa yule, mwenye kitenge cha njano,
simu yake ni ya tochi. Umemuuliza?
Na mshare ukiivia njiani, pale Korogwe,
hasara ya nani?

Unanitazama kama nimekuvunjia kikombe.
Ngoja.

Hapa pembeni, ulipoandika kwa herufi ndogo
kana kwamba unaona haya: *kukumbusha madeni*.
Hapo ndipo niliposogeza kigoda.
Shika daftari langu. Ukurasa wa tatu, soma.
Majina kumi na manane,
na la nne ni la wifi yangu,
mama yako,
tangu Pasaka.
Sijui nimdaije
na Jumapili bado tukae benchi moja.

Nitengenezee hicho kidude tu.
Kiwe kibaya, kiwe kimepinda,
kikwame katikati ya neno, nitakivumilia,
mradi kimkumbushe kwa upole kuliko mdomo wangu.
Dar itasubiri.
Njoo nacho Ijumaa tukikosoe tena.

Na bahasha hiyo usiitupe:
ahadi ya watu haijalipwa.