Mkia Mmoja

Mwalimu Sikudhani anatufundisha juu ya duka la vifungo,
Mtaa wa Mchikichi, magharibi ikiingia,
cherehani za chini zikitikisa ubao.
Anaandika herufi tatu, i, n, g, kisha anageuka:
"Mkia mmoja, wanyama wawili.
Msiushike mkia mkadhani mmemjua mnyama."

Sisi tumezoea kutazama mbele.
Ku- ikitangulia, kuimba, kukaanga, kudai kodi,
hilo jina, lipe kiti likae.
-ki- ikijipenyeza, akiimba, akikaanga,
mtu yuko mbioni, mikono ina kazi.
Kwetu neno huvaa kofia. Kwao huburuta upindo.

"Sleeping pill," akasema. "Kidonge kinalala?"
Kilua, fundi friji wa Buguruni, akajibu
inategemea umekinunua wapi.
Tukacheka hadi mwenye vifungo akagonga dari kwa ufagio.
"Sleeping child. Mtoto je?"
Analala.
"Basi. La kwanza ni jina, usingizi wenyewe.
La pili ni tendo lililoazima nguo za sifa."
Akafuta ubao kwa kiganja.

Usiku huohuo nilikaa hospitali, Ilala.
Dada yangu Mwanakombo alikuwa ndani tangu alasiri.
Juu ya mlango, kibao cha rangi ya buluu:
Waiting Room.
Simu imekwisha chaji, nikajipa zoezi.
Chumba hakisubiri. Chumba ni cha kusubiria. Jina.
Anayesubiri ni mimi,
na yule mzee mwenye chupa ya uji isiyofunguliwa,
na kijana aliyevaa viatu bila soksi, wa haraka.
Tendo, tendo, tendo.
Nikajipa alama zote.

Lakini saa nane umeme ulikatika.
Feni ikazunguka mara tatu za mazoea, ikaacha.
Mabenchi yakabaki yameelekeza nyuso mlangoni,
ndoo iliyokuwa ikidondokewa haikudondokewa tena,
pazia halikupumua.
Mwalimu, kesho unikate alama ukitaka:
chumba kile kilikuwa kinasubiri,
kuta na yote.

Kisha mlango.
Nesi, tochi mkononi, akishusha barakoa,
akitabasamu, au akitafuta neno,
kwa mwanga ule
sikuweza kutofautisha.