La Kumi na Tatu

Tulisema magitaa kumi na mawili, basi.
Mbao zote zilitoka mlango mmoja
wa stoo ya mkonge kule Pongwe;
tundu la ufunguo tukaliacha wazi
chini ya nyuzi.

Sasa Shekalaghe kaja na daftari:
oda arobaini na moja, nyingine za Mombasa.
"Liwe la kila siku," asema, "Ngamiani nasi tule."

Mwanamkuu, azungushaye koili kwa mkono,
hajibu. Anachomeka waya,
anagusa uzi wa tatu:
unakoroma, kama mtu aliyeamshwa mapema.

Nauliza: tundu tutalitoboa kwa drili?
Kutu tutaipaka?

"Hata mlango ule," anasema,
"fundi wake alitengeneza mingi."

Nachukua penseli. Naandika: la kumi na tatu.
Nasita kwenye bei.