Vipande vya Pembeni

Alhamisi ndiyo siku yangu ya moto.
Sista Skolastika ana zahanati na foleni yake ya vikohozi,
Sista Redempta ana chekechea, watoto sabini na chaki tatu;
mimi nina unga, maji,
na chuma cha hostia chenye msalaba uliochakaa
hata hujui ni msalaba au alama ya kujumlisha.

Unga nachukua kwa Mzee Hatibu,
hapa Muheza, ukishavuka reli.
Anapima kilo nne, kisha anaongeza konzi moja.
"Hii ya juu ya Issa bin Mariamu," husema,
"asije akaniuliza siku ile."
Namwambia atakuuliza sukari uliyoificha Ramadhani.
Hucheka mpaka kofia ikamshuka usoni.

Kijiko kimoja cha uji, funika,
hesabu Salamu Maria moja.
Si uchaji, jamani,
saa ya ukutani ilikufa masika ya mwaka juzi.
Salamu Maria moja: nyeupe.
Moja na nusu: imeungua.
Miaka thelathini na moja nasali kwa kupima moto,
na sijui huko juu wanaziandika daftari gani.

Kisha nakata duara, duara,
na hapo ndipo mlango wa jikoni unapojaa macho.
Nani huwaambia, sijui.
Hawataki duara. Wanajua duara si zao.
Wanataka pembeni:
vijipembe, vijimwezi, herufi zisizosomeka
zinazobaki mduara ukishaondoka.
Nawajazia viganja.
Vinalia kru, kru, kama nyayo kwenye majani makavu.

Mmoja, Kaniki, mjukuu wa Mama Mntangi wa machungwa,
hakula.
Alikiinua kipande chake kwenye mwanga wa dirisha.
"Sista, huyu ni Yesu?"
"Bado. Hiyo ni ngano tu."
Akafikiri.
"Na yeye anajua kwamba ni bado?"
Sikuwa na jibu. Nilimwongezea vipande.

Alhamisi ya juzi umeme ulikatika
chuma kikiwa ndiyo kwanza kimeshika joto.
Transfoma, walisema; tumbili kaingia; ngojeni Jumatatu.
Mama Zuhura, jirani yetu wa chapati, akasikia
(kwetu habari haibishi hodi),
akaja na kikaango chake kichwani,
kimesuguliwa kwa mchanga na ndimu mpaka kinang'aa.
"Mafuta hakuna, nimehakikisha.
Najua chakula chenu hakitaki mafuta."
Alijuaje?
Miaka yote hiyo nilidhani ukuta ule ni ukuta.

Tukachuchumaa, moshi machoni,
yeye anageuza kwa vidole, mimi nasali muda,
na soga ziliponipotezea hesabu
alinigusa goti:
"Umeshafika kwenye mzao wa tumbo lako. Geuza."

Zilitoka nene, za kahawia, zina mabaka kama mgongo wa mjusi.
Jumapili Padre Semkiwa alipoimega ile kubwa
ilitoa mlio uliofika mpaka kwa wanakwaya,
na katika kimya kile kitakatifu
mtoto akasema, wazi kabisa, "Chapati!"
Padre akauma mdomo,
mabega yakimtikisika chini ya kasula.
Mimi, benchi la nyuma, nilikuwa hoi.

Nilipopokea, ulimi ulikuta moshi wa mkaa,
na kwa mbali, mbali sana,
iliki ya mikono ya Mama Zuhura.
Sijaungama jambo hilo.
Sijaona pa kulianzia.

Jana Kaniki alipita dirishani.
Hakuomba kitu.
Aliuliza tu kama umeme umerudi.
Nikamwambia, umerudi.
Akanitazama kwa huruma.
"Pole, Sista," akasema, akaenda zake.