Wa Baadaye

Sur, saa nne asubuhi, jua limeshavimba.
Mashua imepandishwa juu ya magogo uwanjani,
nami nimejikunja chini ya sitaha kama pweza
navuta nyaya za miaka thelathini.
Shaba imeota ukijani; ukiikunja, unga.
Fyuzi moja imezibwa kwa karatasi ya sigara,
ile ya fedha, ya ndani.
Namlaani aliyefanya, kisha nacheka:
labda usiku ule duka lilikuwa mbali.

Nyuma ya ubao wa swichi nakuta alama zake,
plasta za kidonda, wino, Kiswahili:
“pampu”, “taa ya mlingoti”, “huu usiguse!”
Mwandiko umelalia kushoto
kama wa shangazi Thuwaiba, aliyesoma Unguja
akaja huku na kalamu zake.

Na mmoja mwekundu, mzima, haujaungwa popote,
umeviringwa, ncha imefungwa utepe:
“wa baadaye”.

Msellem anapiga kelele toka chini:
Ng’oa yote, tumalize kabla ya adhuhuri!
Nang’oa.
Huo nauacha.
Naweka mita ncha hii na ile ya kule mbele.
Inalia.

Plasta imefifia.
Natoa kalamu sikioni,
nazipitia herufi zake, moja moja, polepole.